Nililipia kwenda kufukuza tufani Marekani: yaliyonikuta siku ya nne (uzi mrefu)

Mpiga Misele (mwenye uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi wa safari niliropoka kwamba nimewahi kutoa pesa yangu mwenyewe ili nikakimbizane na tufani huko Marekani. Watu mkanishukia kama mwewe, wengine mkasema ni chai. Leo nina nafasi, naishusha yote. Ziara ilikuwa ya siku sita, ila siku tatu za kwanza ni lami, ngano na anga ya bluu, hakuna cha kusimulia. Nasimulia siku ya nne tu.

Muelewe kwanza biashara yenyewe. Kuna kampuni kadhaa, nyingi zinaanzia Oklahoma City au Denver, zinabeba wageni msimu wa Aprili hadi Juni. Unalipa dola elfu kadhaa, unapata kiti kwenye gari la abiria kumi na watano, dereva, na kiongozi anayeijua hali ya hewa. Kula juu yako. Kwenye karatasi ya kusaini, juu kidogo ya pale panaposema ukifa shauri yako, imeandikwa wazi kwamba hawakuahidi tonado. Niliisoma nikacheka.

Nikisema tonado namaanisha lile chamchela la hatari linaloshuka kutoka kwenye wingu mpaka ardhini. Wanaoliita kimbunga tutagombana baadaye. Jina la kampuni silitaji, msinifuate inboksi.

Nakuja.

Kapuku Halisi

Nimeweka kambi. Siti ya mbele, karanga ninazo.

Mama Kinda

Dola elfu kadhaa ukakitafute kifo kwa miguu yako! Haya, endelea, tumbo linaniuma kusubiri.

Mpiga Misele

Siku ya nne tuliamkia Oklahoma City. Saa tatu asubuhi kikao, pembeni ya mashine ya kahawa ya hoteli. Kiongozi wetu ni mzee wa miaka sitini na kitu, kofia imepauka, anaongea polepole kama mwalimu wa hisabati ambaye ukielewa sawa, usipoelewa sawa. Tulikuwa wageni kumi: mtu na mkewe kutoka Uingereza, mstaafu wa Denmark aliyekuwa anakuja kwa mara ya tano, na wengine. Mweusi nilikuwa peke yangu, na kila sheli tuliyosimama watu walidhani mimi ndiye dereva.

Mzee alifungua ramani ya Storm Prediction Center, wataalamu wa serikali walioko Norman, mji ulio jirani tu upande wa kusini. Kila siku wanaipaka rangi ramani ya nchi nzima kwa ngazi tano za hatari. Sisi siku hiyo tulikuwa kwenye rangi ya chungwa, ngazi ya tatu. Nikashangilia kimoyomoyo. Mzee akasema rangi ni za kuwatisha wenye nyumba, sisi tuangalie hewa.

Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo nilipopata thamani ya nauli yangu.

Upepo wa chini unatoka kusini mashariki, unabeba unyevu wa Ghuba ya Mexico na kuupeleka bara mamia ya kilomita. Wanaupima kwa kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa mpaka hapo inaanza kutoa maji. Mzee akiona nyuzi 18 za Selsiasi anatabasamu. Asubuhi ile ilikuwa 19 na inapanda. Juu ya unyevu huo inapita hewa nyingine, kavu na ya moto, kutoka nyanda za juu za Mexico na New Mexico, inaufunika kama kifuniko cha sufuria. Na juu zaidi, kilomita kadhaa angani, kuna upepo wa kasi wa kutoka magharibi.

Mimi nilidhani kifuniko ni adui. Kumbe bila hicho kifuniko mawingu yanaanza mapema kila mahali, yanagombania hewa ileile, yanaishia kuwa mvua ya kawaida tu. Kifuniko kikishika mpaka alasiri halafu kikatoboka mahali pamoja au pawili, nguvu yote iliyolimbikizwa tangu asubuhi inatokea hapo hapo. Na kwa kuwa upepo wa chini na wa juu haziendi upande mmoja wala kasi moja, ile hewa inayopanda inapanda huku inazunguka. Tufani inayozunguka hivyo nzima nzima ndiyo inaitwa supaseli, na ndiyo inayozaa tonado kubwa.

Kikigoma kutoboka? Umeendesha kilomita mia sita kwenda kuangalia jua likizama. Siku ya tatu ndicho kilichotukuta. Ilibuma kabisa.

Mzee akaweka kidole kwenye kile kipande cha Texas kinachochomoza kaskazini, wenyewe wanakiita mpini wa kikaango. Mpaka wa hewa kavu na hewa mbichi ulikuwa unapita hapo. Akasema, "Shamrock, saa nane. Nendeni chooni sasa."

Fundi Rada

Mkuu umeeleza vizuri kuliko baadhi ya vitabu. Niongeze kidogo: ndiyo maana Marekani inapata tonado zipatazo 1,200 kwa mwaka, hakuna nchi inayoikaribia. Milima ya Rocky iko magharibi, bahari ya joto kusini, na katikati ni tambarare isiyo na kizuizi. Hewa tatu tofauti zinakutana kwenye uwanja mmoja.

Kapuku Halisi

Tonado iko wapi? Sisi hatukuja darasani.

Mpiga Misele

Tulia wewe.

Shamrock iko kwenye barabara ya zamani ya 66, kama kilomita 260 magharibi ya Oklahoma City. Ina jengo maarufu la sheli ya mwaka 1936 lenye mnara mrefu, watalii wanalipiga picha. Tulilipiga picha dakika tano. Kisha tukakaa saa mbili na nusu.

Kuhusu kukaa ndiyo sikuambiwa na mtu. Video za mtandaoni zinaonyesha watu wanapiga kelele na gari linaenda mbio. Hakuna anayekuonyesha watu wazima kumi wamelala kwenye majani nyuma ya sheli, viatu pembeni, wanatazama juu kama wanaosubiri embe lidondoke. Upepo ni wa moto, unakusukuma kifuani bila kupumzika, midomo inakauka lakini mgongo unanata jasho. Magari ya wafukuzaji wengine yanaingia moja moja, mengi yana boneti zenye mashimo mashimo ya mvua ya mawe na nyavu za chuma mbele ya vioo. Wanasalimiana kwa kichwa. Wavuvi kabisa.

Magharibi kulikuwa na vijiwingu vya pamba. Kimoja kinapanda, kinanenepa, unaanza kukishangilia, halafu kinakatwa kichwa na kifuniko, kinayeyuka. Kingine tena. Mzee wa Denmark alikuwa anavihesabu kwa sauti, kwa Kidenmark. Alipofika cha kumi na saba yule mama Mwingereza akamwomba anyamaze.

Saa kumi na dakika ishirini, cha kumi na tisa hakikukatwa.

Mama Kinda

Umenikata hapo kweli? Rudi haraka.

Mpiga Misele

Nimerudi, nilikuwa nageuza samaki.

Sijawahi kuona kitu kikubwa kikikua kwa macho. Mti unajua unakua lakini huoni. Lile wingu unaliona. Kingo zake zilikuwa ngumu, nyeupe, zinachemka kama povu la maziwa yanapopanda kwenye sufuria, na zilipanda mpaka zikagonga dari la anga na kutandaza fuawe. Mtu yeyote aliyeona fuawe la mhunzi ataelewa: juu bapa, limechongoka upande upepo unakoelekea. Nusu saa tu. Kutoka wingu la pamba mpaka mlima wenye urefu wa kilomita kumi na zaidi.

Na pale ndipo matatizo yalipoanza, kwa sababu kifuniko kilitoboka mara mbili. Tufani moja upande wa Pampa, kaskazini magharibi yetu. Nyingine upande wa Clarendon, kusini magharibi. Sisi tuko Shamrock, katikati. Huwezi kwenda zote.

Gari zima likawa bunge. Mzee wa Denmark anataka kusini, anasema huko upepo wa chini ni mzuri zaidi na hakuna tufani nyingine kusini yake ya kuiibia hewa. Mimi, mtaalamu wa siku nne, nikamuunga mkono. Mzee wetu akaangalia rada, akaangalia ramani ya barabara, akaangalia rada tena. Akasema kaskazini. Sababu yake haikuwa ya mawingu hata kidogo. Kusini kuna mto na makorongo, barabara za kuvuka ni chache, ukikosea huna pa kutokea. Kaskazini kuna barabara namba 83 ya kwenda Wheeler, na pale Wheeler inapita namba 152, inayokutoa moja kwa moja mashariki mpaka Oklahoma.

"Sichagui tufani," akasema, "nachagua barabara."

Tulinuna. Naandika ukweli: tulinuna kama watoto walionyimwa pipi.

Mzee wa Kijiwe

Huyo mzee ni mtu mzima. Ila wewe na huyo wa Denmark mmenikumbusha abiria wanaomfundisha dereva kupita.

Mpiga Misele

Saa kumi na mbili jioni tumesimama kando ya barabara 152, magharibi kidogo ya Wheeler, shamba la ngano kila upande. Tufani iko magharibi yetu inakuja. Wanachofanya ni kukaa kusini mashariki ya tufani, kwa sababu mvua kubwa na mawe vinaanguka zaidi upande wa kaskazini, na upande wa kusini ndiko unakoliona tumbo la wingu lisilo na mvua, mahali hewa inaponyonywa. Tonado ikitokea, kwa kawaida inatokea hapo.

Jambo la kwanza ni upepo. Nilitegemea unipige usoni kutoka kwenye tufani. Ulikuwa unanipiga mgongoni. Ile tufani ilikuwa inavuta pumzi. Ngano yote, hekari kwa hekari, imeinamia kulekule, vumbi linatambaa barabarani kuelekea kulekule, kofia ya yule Mwingereza ikaondoka kichwani ikaenda kulekule. Hewa ni ya uvuguvugu, inanuka udongo. Hakuna ndege hata mmoja anayelia.

Jambo la pili ni mzunguko. Mtu akikwambia wingu linazunguka unadhani ni lugha ya kupamba. Lile lilikuwa na mistari kuanzia chini mpaka juu kama skrubu, na lilikuwa linazunguka kama pia ya mtoto inapokaribia kuchoka, polepole, ila ni pia yenye upana wa kilomita kadhaa. Ukilitazama unaanza kushika mlango wa gari bila kujua. Radi hazikuacha, lakini si zile za kupasua. Ni mngurumo mmoja usiokwisha, kama lori linapita juu ya dari.

Halafu chini ya tumbo likashuka pande la wingu jeusi, limejitenga, kama ukuta unaoning'inia. Wingu la ukuta. Linazunguka haraka kuliko mengine. Vipande vya ukungu vinapanda kutoka chini, vinajiunga nalo. Watu wote kimya. Simu zote juu. Mzee wa Denmark analia machozi, si utani.

Nikamwangalia kiongozi. Yeye hakuwa anatazama ukuta. Alikuwa anatazama upande wa kulia, kwenye mvua.

Kapuku Halisi

Karanga zimeisha. Shusha!

Mtoto wa Mjini

Naomba kuuliza kabla hujaendelea. Kwa nini msitafute daraja la barabara kuu mkajificha chini yake? Video nyingi naona watu wanafanya hivyo.

Fundi Rada

Usijaribu kamwe. Tarehe 3 Mei 1999 tonado kubwa ilipita Bridge Creek na Moore kule Oklahoma, rada ikapima upepo wa zaidi ya kilomita 480 kwa saa. Siku hiyo watu watatu walikufa wakiwa wamejificha chini ya madaraja. Upepo ukipita kwenye uwazi mwembamba unaongeza kasi, na kila kinachoruka, mabati, mbao, changarawe, kinapita humo humo. Tena magari yaliyosimama hapo yanaziba njia kwa wengine. Ukiwa nyumbani ingia chini ya ardhi, au chumba kidogo cha katikati kisicho na dirisha.

Na tofautisheni maneno mawili ya kule. Kuna tahadhari, maana yake hali ya hewa inaruhusu, kaa macho. Na kuna onyo, maana yake imeonekana kwa macho au rada imeona mzunguko, jifiche sasa hivi. Wengi wanachanganya.

Mpiga Misele

Asante Fundi.

Alichokuwa anakitazama mzee ni hiki: mvua ilikuwa inazunguka na kuufunika ukuta. Dakika kumi kabla ulikuwa unauona wazi. Sasa pazia la kijivu linapita mbele yake, na rangi ya anga nyuma ya pazia ni ya kijani kama maji ya bwawa. Na tufani, ambayo mwanzo ilikuwa inaelekea kaskazini mashariki na kutupita pembeni, imepinda kulia. Supaseli ikishapata nguvu mara nyingi hupinda kulia. Kulia ndiko tulikokuwa tumesimama.

Hakupiga kelele. Alisema, "Tunaondoka," akakaa kwenye kiti. Mimi nikasema dakika moja tu. Mzee wa Denmark akasema dakika mbili. Yule mzee akageuka, akasema neno moja, El Reno, akamwambia dereva awashe gari.

Kwa msioijua: tarehe 31 Mei 2013, karibu na mji wa El Reno, Oklahoma, ilitokea tonado yenye upana wa kilomita 4.2, pana kuliko zote zilizowahi kupimwa. Ilikuwa imejifunika mvua, ikabadili mwelekeo, ikaongeza kasi. Iliwaua Tim Samaras, mwanaye Paul, na mwenzao Carl Young. Samaras hakuwa mtu wa kutafuta sifa. Alikuwa mhandisi aliyetengeneza vyombo vya kupima ndani ya tonado. Mwaka 2003 kule Manchester, South Dakota, chombo chake kilirekodi mgandamizo wa hewa ukishuka kwa milibari 100 tonado ilipopita juu yake. Mtu makini kuliko wote, na alikutwa ndani ya gari.

Tukapanda.

Tumeshaipita Wheeler, hatujamaliza kilomita mbili, mawe yakaanza. La kwanza lilipiga paa, mlio kama mtu katupa nyundo. Kimya. La pili. Kisha ukawa huwezi kusikia anachosema aliye pembeni yako. Yanaanguka barabarani yanadunda juu kuliko gari. Kioo cha mbele kikapata ufa upande wa abiria, ukakimbia kutoka kona hadi kona taratibu kama mtu anachora. Yule mama Mwingereza alinishika mkono, nami nikamshika, mpaka leo hatujuani majina ya ukoo.

Dakika sita hivi tukatoka. Jua. Kweli, jua kabisa, barabara inatoa mvuke. Mzee akasimamisha gari, akashuka, akaokota jiwe moja la barafu kubwa kuliko yai la kuku, akatoa kisu, akalikata katikati kwenye boneti. Ndani lina pete kama kitunguu: pete angavu, pete nyeupe, angavu, nyeupe. Akaeleza kwamba likipita kwenye maji mengi linaganda polepole, hewa inatoka, linakuwa kama kioo. Likipita kwenye baridi kali na maji machache linaganda papo hapo, linafungia hewa, linakuwa jeupe. Kila pete ni sehemu ya safari yake mle juu. Akaongeza kwamba kubwa kuliko yote Marekani liliokotwa Vivian, South Dakota, mwaka 2010, kipenyo sentimita 20, uzito karibu gramu 880. Nikawaza kichwa changu.

Nikaokota langu, nikaliweka kwenye kisanduku cha barafu cha vinywaji.

Mama Kinda

Na tonado?

Mpiga Misele

Dada, hapa ndipo penye uchungu.

Tufani yetu haikuzaa tonado. Ilijizungusha, ikatisha watu, ikapasua kioo chetu, ikaishia mvua.

Ile ya kusini ilizaa. Tulisikia kwenye redio ya wafukuzaji tukiwa tumefika Sweetwater, Oklahoma. Tonado moja nyeupe, nyembamba, imesimama wima juu ya mashamba matupu, jua limeiangaza, robo saa nzima, haijagusa nyumba. Picha ambayo watu wanaitafuta miaka kumi. Tulikuwa na uwezo wa kuiona. Tulipiga kura ya kuiona! Mzee wa Denmark alifungua simu, akaitazama hiyo picha, akaifunga simu, akageukia dirisha. Hakuna aliyeongea mpaka Sayre, mji tuliolala.

Kapuku Halisi

YAANI. Mkuu umetuweka hapa tangu asubuhi na hakuna tonado??? Nirudishie karanga zangu.

Mzee wa Kijiwe

Nimecheka mpaka mjukuu kaja kuangalia.

Mtu Kwao

Mimi nitasema kinachonikera. Mnalipa pesa kwenda kutazama misiba ya watu. Wenye nyumba wanaomba Mungu isitokee, nyie mnanuna haijatokea. Hamwoni haya?

Mpiga Misele

Mkuu, swali lako sitalikwepa, maana nililipata kwanza kwa mtu mwingine.

Tulipopita Wheeler tukikimbia, kabla ya mawe, tulisimama sheli dakika mbili, mafuta yalikuwa chini. King'ora cha mji kilikuwa kinalia. Ni sauti ndefu inayopanda na kushuka, inakuingia tumboni. Ndani kuna dada wa kaunta, simu yake ameiegemeza kwenye mashine ya pesa, ina picha ya rada. Anapokea pesa huku anaitazama. Nikamwona ananitazama mimi na kamera yangu shingoni. Akauliza, kwa upole tu, "Mmeipata?" Nikasema bado. Akasema, "Mama yangu yuko nyumbani upande ule," akaonyesha magharibi kwa kidevu, akanipa risiti.

Sikujibu kitu. Sijui ningejibu nini.

Mzee wetu ana sheria yake: tonado ikigusa mji, ziara inaisha palepale, kamera chini, gari lina sanduku la huduma ya kwanza na misumeno ya kukata miti, watu wanashuka kusaidia mpaka waokoaji wafike. Kwenye ziara yetu haikutokea. Lakini kununa tulinuna, hilo nimekiri.

Fundi Rada

Mtu Kwao ana hoja, ila kuna upande mwingine. Mwale wa rada unaenda kwa mstari ulionyooka na dunia imepinda, kwa hiyo kadiri unavyokwenda mbali na kituo ndivyo unavyopita juu zaidi ya ardhi. Kwenye vijiji vilivyo mbali na kituo, rada inaona katikati ya wingu tu, haioni kinachotokea karibu na chini. Mtu aliyesimama shambani akapiga simu kusema naona wingu la ukuta, anasaidia kutoa onyo. Ubaya ni pale wanapojaa mia mbili kwenye barabara moja ya njia mbili, mpaka gari la wagonjwa linakosa pa kupita. Hilo ni tatizo la kweli kule, na wenyeji wanalilalamikia.

Mtoto wa Mjini

Sasa hiki na kimbunga kama Hidaya cha mwaka 2024 ni kitu kimoja?

Fundi Rada

Hapana. Kimbunga kinazaliwa juu ya bahari ya joto, kina upana wa mamia ya kilomita, kinaishi siku kadhaa, kinapewa jina. Tonado inatoka kwenye wingu moja, nyingi zina upana wa mita mia kadhaa tu au chini ya hapo, nyingi haziishi hata nusu saa, na hazipewi jina. Ila upepo wa tonado kali kuliko zote unazidi wa kimbunga chochote. Kiswahili kimezitupia zote neno kimbunga, na ndipo tunapochanganyikiwa. Chamchela na kisulisuli ni maneno mazuri, tatizo mtu akisikia anawaza vumbi la uwanja wa shule.

Mama Kinda

Je, yule mzee mlimwomba radhi?

Mpiga Misele

Kwa maneno, hapana.

Jioni pale Sayre tulisimama nyuma ya hoteli. Tufani imeshatupita, imeenda mashariki, na chini ya fuawe lake vifuko vya wingu vimening'inia mamia kwa mamia kama maziwa ya ng'ombe, jua linazama saa tatu kasoro usiku linavipaka rangi ya chungwa, halafu waridi, halafu kijivu. Mzee amekaa kwenye bampa anakula sandwichi. Mzee wa Denmark akaenda akakaa pembeni yake. Hawakuzungumza. Baada ya muda akampa nusu ya chokoleti yake.

Mimi nilikwenda kuukagua ufa wa kioo. Nikapima kwa kidole, ulianza mbele ya kiti changu hasa.

Mzee wa Kijiwe

Utarudi?

Mpiga Misele

Nimeshaweka akiba ya nusu. Kampuni ileile, mzee yuleyule kama bado anaendesha.

Kapuku Halisi

Basi angalau tuwekee picha ya lile jiwe ulilotia kwenye kisanduku. Tufaidi hata hilo.

Mpiga Misele

Asubuhi nilifungua kisanduku nikakuta maji na soda tatu. Yule Mwingereza alikuwa ameshachukua ya nne, anasema ilikuwa baridi kweli kweli.

Kapuku Halisi

Mods fungeni uzi.